Kumfundisha Mwarabu Kiingereza cha Biashara: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu Mswahili

Mwanafunzi wa Kiarabu anayetaka Kiingereza cha biashara mara nyingi si mgeni wa biashara. Ni karani wa kampuni inayoagiza vipuri Muscat, au binti aliyeajiriwa kitengo cha masoko cha benki huko Riyadh, au mwenye duka la manukato Deira, Dubai, anayetaka kuandikiana na wauzaji wa nje bila kumtegemea mpwa wake. Biashara yenyewe huenda anaijua kukuzidi. Ukimpa orodha ya maneno mia mbili ayakariri, atayakariri yote, kisha atamwandikia muuzaji “I demand your best price” akiamini ameomba kwa adabu.

Kosa hilo halikuletwa na uhaba wa maneno. Kichwani mwake lilikuwamo neno moja, talab, ambalo kwa Kiarabu linatosha kwa ombi, kwa oda, kwa mahitaji ya soko na hata kwa maombi ya kazi. Kiingereza kina “request”, “order”, “demand” na “application”, kila moja na mahali pake. Kamusi ikampa moja, naye akalitumia kote. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuchukua maneno mapana anayoyajua tayari na kuyapasua moja moja, juu ya karatasi anazozishika kazini kila siku.

Mwongozo huu ni wa Waswahili wanaofundisha Ghuba, au walioko nyumbani wakifundisha kwa njia ya mtandao. Tuna bahati ambayo mwalimu wa kutoka London hana: sehemu kubwa ya maneno yetu ya sokoni asili yake ni Kiarabu. Tena huko Oman ziko familia nyingi zilizotoka Zanzibar, hasa zilizorudi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, na Kiswahili bado kinasikika majumbani mwao. Ukipata mwanafunzi wa nyumba kama hiyo mtaelewana upesi. Lakini bahati hiyo ina mtego wake, na nitauonyesha hapa chini.

Hatua ya kwanza: omba karatasi zake

Kabla ya somo lolote, mwambie akuletee vitu vitatu: ankara moja ya kazini, barua pepe moja aliyoiandika mwenyewe kwa Kiingereza, na tangazo moja la kampuni yake. Afute majina na namba za akaunti. Barua pepe itakuonyesha makosa yake, ankara itakuonyesha anauza au ananunua nini, na tangazo litakuonyesha kama kweli anahitaji msamiati wa masoko au ameona tu neno hilo kwenye jina la kozi.

Muulize pia anatoka nchi gani. Mteja anaitwa zabun kwa watu wa Ghuba na Sham (Syria, Lebanon na jirani zake), na kwenye maandishi rasmi ni 'amil. Hapo hapo una somo la kwanza: anayenunua chupa ya manukato dukani ni “customer”, na kampuni inayohudumiwa na wakili au wakala wa matangazo ni “client”.

Hatua ya pili: safisha Kiswahili chako

Huu ndio mtego. Mwalimu Mswahili anapotaka kufafanua “profit”, ulimi unamkimbilia kusema faida, na mwanafunzi anatikisa kichwa kwa furaha kwa sababu amelisikia neno lake. Ila kwake fa'ida ni manufaa, na kwa lugha ya benki ni riba inayolipwa kwenye mkopo. Faida ya biashara anaiita ribh. Kwa hiyo ameondoka darasani akidhani “profit” ni “interest”, na wewe umeondoka ukidhani somo limeingia.

Yako maneno matatu yaliyosogea kila moja hatua moja yalipovuka bahari. Bay' kwao ni mauzo, kwetu bei. Thaman kwao ni bei, kwetu thamani. Qima kwao ni thamani, kwetu kima. Ukifundisha “sale”, “price” na “value” kwa kutegemea masikio, utakuwa umemsogeza mwanafunzi mahali pasipo pake mara tatu mfululizo. Yaandike ubaoni kwa safu tatu, Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na uchore mishale. Sijaona njia nyepesi kuliko hiyo.

Mengine ya kuchunga: ra's al-mal ni mtaji, “capital”, si rasilimali. Mukataba ni kuandikiana barua. Mkataba wenyewe ni 'aqd, “contract”. Tajir ni mfanyabiashara, awe na pesa asiwe nazo. Rakhis ni bei ya chini, haina habari na urahisi wa kazi. Zabun, kama nilivyosema, ni mteja, kwa hiyo usije ukatamka zabuni ukitaka aelewe “tender”. Hiyo kwake ni munaqasa. Hissa ni fungu, na ndilo linalotumika kwa “market share”, lakini hisa za soko la mitaji anaziita as-hum.

Riba nayo itaje kwa uangalifu. Kwa Mwarabu hilo ni neno la haramu moja kwa moja, na benki za kawaida hulikwepa kwa kusema fa'ida. Mwanafunzi wako akiwa anafanya kazi benki ya Kiislamu, atakuambia kwao wanasema “profit rate”, wala si “interest rate”. Usimsahihishe. Ndivyo bidhaa za murabaha zinavyoelezwa kwa Kiingereza: benki inanunua kitu, inamuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana.

Yaliyo salama ni mengi pia, na yatumie bila woga: ghali, hasara, bidhaa, dhamana, deni, dalali, muamala. Kwa haya mwanafunzi anakuelewa kabla hujamaliza kutamka.

Hatua ya tatu: namba kabla ya maneno

Vitabu vingi vya Kiingereza cha biashara huacha namba mwishoni. Mimi naziweka mwanzo, kwa sababu neno likikosewa huleta kicheko, na namba ikikosewa huleta kesi.

Chukua rial ya Oman. Inagawanyika baisa 1,000, kwa hiyo bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta: 12.500 ni rial kumi na mbili na nusu. Dinari ya Kuwait na ya Bahrain ni vivyo hivyo, kila moja fils 1,000. Mwanafunzi akiituma hiyo 12.500 kwa mtu wa Ujerumani, ambako nukta hutenganisha maelfu, itasomwa elfu kumi na mbili na mia tano. Mfundishe kuandika sarafu kwa herufi tatu, OMR (rial ya Oman) au KWD (dinari ya Kuwait) au AED (dirham ya Falme za Kiarabu), na kwenye mkataba aandike kiasi kwa maneno vilevile: “twelve Omani rials and five hundred baisa”.

Pili, tarakimu zenyewe. Katika maandishi ya Kiarabu ٥ ni tano ingawa inafanana na sifuri yetu, ٦ ni sita ingawa inafanana na saba, na sifuri ni nukta tu. Mhasibu aliyezoea tarakimu hizo tangu utotoni, akichoka jioni, mkono unamrudisha huko. Jedwali nalo linaanzia kulia, hivyo safu ya jumla iko kushoto. Akihamisha ankara kwenda Kiingereza, safu zote zigeuke.

Tatu, kusikia. Kiarabu hutaja mamoja kabla ya makumi: khamsa wa 'ishrin, tano na ishirini. Ukimsomea “twenty-five” kwa kasi ya simu, baadhi huandika 52. Na “fifteen” na “fifty” humchanganya kila mtu. Dawa ni ileile wanayotumia makarani wa meli: arudie kwa tarakimu, “one five” au “five zero”, kisha ndipo aandike. Fanyeni dakika kumi kila kipindi, wewe ukisoma bei na yeye akiandika, mpaka asikosee hata moja. Milyar ni “billion”. Hilo mwambie mara moja, litatosha.

Malizia na kodi. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ilianza Falme za Kiarabu na Saudi Arabia mwaka 2018 kwa asilimia 5. Saudi Arabia ikapandisha hadi 15 Julai 2020. Bahrain ikaanza 2019 kwa 5 na kufika 10 mwaka 2022. Oman ikaanza Aprili 2021 kwa 5. Kwa hiyo kila bei anayoitaja sasa inahitaji neno moja zaidi: “inclusive of VAT” au “exclusive of VAT”. Mpe bei 100 na asilimia ya nchi yake, aandike ankara zote mbili.

Hatua ya nne: pasua maneno mapana

Talab tumeshaligusa. Pacha wake ni 'ardh, na hili ni pana zaidi: ofa, usambazaji wa bidhaa sokoni, wasilisho la mkutanoni, maonyesho ya dirishani. Kwa Kiingereza ni “offer”, “supply”, “presentation”, “display”. Na 'ardh as'ar, orodha ya bei anayotumiwa mteja aliyeuliza, ni “quotation”. Ukimwachia “offer” peke yake, ataandika “I will make an offer tomorrow at ten” na wakubwa watafika wakitegemea kupunguziwa bei, kumbe ameandaa slaidi.

Zoezi linalofanya kazi: andika sentensi tano za Kiarabu, kila moja na 'ardh yenye maana yake, uziache wazi upande wa Kiingereza. Usimpe maneno ya kuchagua. Akwame, akuulize, ndipo umpe. Neno lililoombwa halisahauliki upesi.

Kisha njoo kwenye mizizi. Mwarabu huona undugu wa maneno kwa herufi tatu za asili. Kutoka sh-r-k anapata sharika, sharik, sharaka, ishtirak, mushtarak, na yote kwake ni familia moja ya kushirikiana. Kiingereza kinampa “company”, “partner”, “partnership”, “subscription”, “joint”: watu watano wasiojuana. Vilevile s-w-q: suq ni soko, taswiq ni “marketing”, tasawwuq ni “shopping”. Usishangae mtu akikuambia yuko “shopping department” kumbe ndiye anayepanga kampeni za kampuni nzima.

Wapo walimu wanaochora mti wa mzizi mmoja wenye matawi kumi na kumpa mwanafunzi siku hiyo hiyo. Unapendeza ubaoni, lakini kesho yake maneno kumi yamechanganyika. Mimi ningempa matawi mawili anayoyahitaji wiki hiyo kazini, basi. Yaliyobaki yatakuja na karatasi zake.

Na usimfundishe neno bila kitenzi chake. Kwa Kiarabu 'amal humwezesha kufanya karibu kila kitu, hivyo “do” na “make” zitampiga chenga mpaka uzifunge na jina: “do business”, “make a profit”, “place an order”, “issue an invoice”, “launch a product”, “run a campaign”. Akiandika daftarini, aandike vyote viwili kama neno moja.

Hatua ya tano: fuata safari ya karatasi

Sasa maneno ya biashara yana mpangilio wa asili, nao ni safari ya oda. Mteja anauliza bei: “enquiry”. Unamjibu kwa “quotation”. Anakubali na kutuma “purchase order”. Unamtumia profoma, ambayo kwa Kiingereza ni “proforma invoice”. Hiyo huonyesha atakacholipa lakini si ankara ya kudai malipo, na benki au forodha huweza kuitaka kabla mzigo haujaondoka. Analipa arbuni, yaani malipo ya awali. Mzigo unatoka na “packing list”, orodha ya vilivyofungwa, na “bill of lading”, hati ya shehena ya meli. Ndipo inakuja fatura yenyewe, “invoice”, na akilipa anapewa risiti, “receipt”. Neno “bill” mwache alitumie hotelini na kwenye umeme.

Kwenye arbuni simama kidogo. Neno hili analo, 'arbun, na kwa mazoea mnunuzi akighairi muuzaji hubaki nayo. “Deposit” ya Kiingereza haisemi lolote kuhusu hilo. Ni lazima aandike “non-refundable deposit” kama hairudishwi, au “refundable” kama inarudishwa. Akinyamaza, kila upande utasoma anavyotaka.

Kwa anayeagiza bidhaa kwa meli, ongeza FOB (“free on board”) na CIF (“cost, insurance and freight”). Haya ni masharti ya Incoterms, kanuni za nani alipe nini na nani abebe hatari ya mzigo, za Chama cha Kimataifa cha Biashara, toleo la sasa likiwa la 2020. Wanafunzi wengi huamini kwamba kwa CIF muuzaji anabeba hatari mpaka mzigo ufike Jebel Ali, bandari ya Dubai, kwa kuwa amelipia nauli na bima. Sivyo. Muuzaji hulipa gharama hizo, lakini hatari huhamia kwa mnunuzi mzigo unapopakiwa melini kwenye bandari ya kuondokea. Mchoree bandari mbili na meli katikati, aweke alama mahali gharama inapoishia na mahali hatari inapohamia. Kwa FOB alama mbili zinakaa pamoja. Kwa CIF zinaachana.

Mwisho wa safari ni deni. “Outstanding” ni kiasi ambacho hakijalipwa, hata kama siku haijafika. “Overdue” siku imepita. “Net 30” ni siku thelathini tangu tarehe ya ankara. Barua ya kwanza ni “reminder”, ya mwisho ni “final notice”, na baada ya hapo mwanasheria ndiye anayeandika “letter of demand”. Hapo ndipo “demand” inapostahili ukali wake.

Hatua ya sita: msamiati wa masoko

Huku kuna maneno machache yenye matata, mengine ni mepesi tu.

Shi'ar ni la kwanza. Kwa Kiarabu ni nembo na ni kaulimbiu, vyote viwili. Mtu akimwambia mchora picha “change our slogan” akimaanisha picha ya ngamia iliyo juu ya boksi, atapokea sentensi mpya na ngamia wake yuko palepale. Chukua lile tangazo alilokuletea, aweke kidole kwenye “logo”, kisha kwenye “slogan”, kisha aseme “brand” iko wapi. Hapo atakwama, na ni vizuri akwame, maana chapa haina mahali pa kuwekea kidole: ni jina pamoja na sifa wanayoibeba wateja vichwani. 'Alama tijariyya humchanganya zaidi kwa sababu hutumika kwa chapa na pia kwa alama iliyosajiliwa kisheria, “trademark”.

Di'aya ni la pili. Maana yake ni matangazo, lakini pia propaganda, na kamusi za simu hupenda kumpa “propaganda”. Mkataze kabisa. Tangazo moja ni “advertisement”, shughuli nzima ni “advertising”, na kutajwa kwenye magazeti bila kulipia ni “publicity”. I'lan nalo ni tangazo la biashara na tangazo la kawaida, “announcement”.

La tatu linatoka upande wa Kiingereza: “promotion”. Ni ofa ya msimu, tarwij, na ni kupandishwa cheo, tarqiya. Akisema “I got a promotion”, mpongeze. Akisema “we have a promotion”, muulize ni asilimia ngapi.

Kuhusu bei katika matangazo, mwepushe na “cheap”. Humaanisha bei ndogo pamoja na ubora hafifu, kama ambavyo rakhis inavyoweza kuuma kwa Kiarabu. “Affordable” kwa wateja wa kawaida, “competitive” kwa wanunuzi wa jumla. “Target audience”, “campaign” na “customer loyalty” zina visawe vyake vya moja kwa moja katika Kiarabu cha ofisini. Mpe tu, msipoteze kipindi.

Hatua ya saba: midomo

Kiarabu fasaha hakina sauti ya p wala v. “Price” inatoka “brice”, “pay” inakuwa “bay”, “invoice” inakuwa “infoice”, na VAT inasikika “fat”. Ashike kipande cha karatasi mbele ya midomo: kwa p ya mwanzo wa neno karatasi iruke, kwa b itulie. Kwa v, meno ya juu kwenye mdomo wa chini na koo liungurume. Dakika tano kwa maneno ya kazini kwake tu. Lafudhi nyingine iache. Hakuna mzigo uliorudishwa bandarini kwa sababu ya lafudhi.

Jambo moja linatuhusu hata sisi: mkazo. Kiswahili huuweka silabi ya pili kutoka mwisho bila kujali, lakini Kiingereza husema “export” kwa mkazo mwanzoni likiwa jina na mwishoni likiwa kitenzi. “Increase” na “import” ni hivyo hivyo. Jizoeze kwanza mwenyewe.

Hatua ya nane: barua pepe

Hii hapa barua ya aina utakayoletewa:

“Dear Mr. Manager, peace be upon you. After greeting, I hope you are in the best of health. We demand from you the offer of prices for 40 carton perfume bottle and we want it until Thursday.”

Usiitie wekundu yote. Salamu ndefu ni adabu kwao kama ilivyo kwetu. Mwachie sentensi moja ya salamu anapomwandikia mtu anayemfahamu. Rekebisha yale yatakayoleta hasara: “demand”, “offer of prices”, na “until”. Hatta ya Kiarabu ni mpaka, ila kwa Kiingereza “until Thursday” ni kuendelea kufanya hadi siku hiyo. Kikomo cha kuleta kitu ni “by Thursday”. Ikitoka hivi inatosha:

“Dear Sir or Madam, please send us your quotation for 40 cartons of perfume bottles, CIF Jebel Ali, by Thursday noon, Dubai time.”

Siku nazo zina utata. Falme za Kiarabu zilihamia mapumziko ya Jumamosi na Jumapili Januari 2022, huku Ijumaa ofisi za serikali ya shirikisho zikifanya kazi nusu siku. Oman na Saudi Arabia hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo “within five working days” haihesabiki sawa Muscat, Dubai na Shanghai. Ataje tarehe.

Na akiandika “inshallah” mwishoni mwa ahadi, usimfutie. Mwambie aitangulize tarehe: “You will receive the documents on 14 May, inshallah.” Mteja wa nje ataisoma tarehe, wa kwao ataisoma yote.